Kesi ya mtandao Mwanza: umwandikie DPP, ufifilishe, ukubaliane au upambane hadi hukumu?

"Mwanangu, hapa tukubali au tukatae?"

Swali hilo huwa naulizwa kwenye benchi la nje ya mahakama, na mtu aliyekunja hati ya mashtaka mara nne akaifunga kwenye pindo la khanga. Mara nyingi ni mama, shangazi au kaka mkubwa. Mshtakiwa mwenyewe yuko mahabusu Butimba, au kapata dhamana na anaogopa hata kushika simu. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa mtaani. Nasoma hati, naandika barua, namwambia mtu mlango upi bado uko wazi. Kwenye kesi za mtandao milango si miwili tu, ya kukubali na kukataa. Iko mitano, na kila mmoja una mshika mpini wake.

Kabla ya kulinganisha, elewa kwanza kwa nini mwendesha mashtaka ana uzito mkubwa kwenye kesi hizi kuliko kwenye kesi ya kuku aliyeibwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilianza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo, na adhabu zake nyingi zimeandikwa kwa neno "isiyopungua". Udanganyifu kwa kutumia kompyuta una faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kusambaza taarifa za uongo kuna faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, sheria ya zamani, kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu: kifungo kisichozidi miaka 7. Soma tena polepole. Huko miaka 7 ndiyo mwisho, huku miaka 7 ndiyo mwanzo. Na kitendo kinaweza kuwa kilekile, mtu katuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na mwenzake akaingia mkenge.

Nani anaamua iandikwe sheria ipi? Hakimu hahusiki. Yeye anapokea hati ikiwa imeshaandikwa, na adhabu yenye kiwango cha chini imemfunga mikono kabla hajakaa kitini. Uamuzi umehamia kwenye dawati la wakili wa serikali, nyuma ya mlango uliofungwa. Ndiyo maana nasema kesi ya mtandao huamuliwa nusu siku ile hati inapoandikwa, na ndiyo maana njia ya kutokea lazima uichague ukijua unaongea na nani.

Katiba haikumwachia DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ambaye mawakili hao wa serikali wako chini yake, bila kipimo. Ibara ya 59B inasema atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, lakini inamtaka azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Yashike hayo matatu. Yatarudi.

Tutapimia nini

Kila njia nitaipima kwa mambo haya: nani mshika mpini na anamjibu nani, mlango unafungwa lini, inakula nini, kwa pesa na kwa siku, kinabaki nini baadaye, iwe kwenye kumbukumbu ya mshtakiwa au uwezekano wa kesi kufufuka, na simu inakwenda wapi. Hilo la simu watu hulisahau. Kwenye kesi hizi simu ndiyo kielelezo, na kwa wengi wetu ndiyo duka, benki na albamu ya picha za marehemu.

Ili tusiongee hewani, tuchukue watu wawili wa kubuni. Wa kwanza ni kijana wa kibanda cha wakala Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Mchuuzi wa dagaa katapeliwa, na fedha imepita kwenye laini ya kibanda. Simu ya kazi hushikwa na vijana watatu kwa zamu. Wa pili ni msimamizi wa grupu la WhatsApp la mtaa mmoja Ilemela, kasambaza ujumbe kwamba samaki wa mwalo fulani wana sumu. Alitumiwa na mtu, akaamini, akapeleka mbele.

Njia ya kwanza: kumwandikia DPP aliangalie shauri upya

Mshika mpini ni DPP mwenyewe, kupitia ofisi ya mashtaka ya mkoa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu kuliondoa shauri wakati wowote kabla ya hukumu kutolewa. Mawakili huita nole. Siku hiyo wakili wa serikali anasimama, anasema Jamhuri haina nia ya kuendelea, na hakimu anamwachia mshtakiwa. Sababu haitajwi, na mahakama haimlazimishi aitaje. Hapo utaona upanga unavyokata kuwili: uhuru huohuo unaokuachia bila maelezo ndio uliokushtaki bila maelezo.

Hakuna tarehe ya mwisho ya kuandika, ila barua ya mapema ina nguvu kuliko ya baada ya mashahidi watano. Gharama ni karatasi, nakala na nauli. Iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na sheria.

Barua nyingi nilizowahi kuona ni za kuomba huruma. Mtoto yatima, mama mgonjwa, ndiye anayetegemewa. Ni kweli yote, lakini DPP hajaambiwa na Katiba apime machozi. Mpe vile vitatu. Chini ya nia ya kutenda haki, eleza nini hati haisemi: daftari la zamu la kibanda linaonyesha saa ile muamala unapita nani alikuwa zamu. Chini ya matumizi mabaya ya taratibu, onyesha kama yupo: kesi imetajwa mara ngapi, upelelezi umesemwa haujakamilika mara ngapi, ama shtaka zito limeongezwa baada ya mtu kukataa kukiri. Chini ya maslahi ya umma, msimamizi wa grupu anaweza kuonyesha kwamba saa mbili baadaye alikanusha mwenyewe kwenye grupu hilohilo. Ambatisha ushahidi. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, hujaandika.

Kinachobaki: hujatiwa hatiani, lakini pia hujasafishwa. Kuachiwa kwa nole si kushinda. Shauri linaweza kurudi. Zamani ilikuwa mtu anaachiwa mlangoni na kukamatwa kwenye ngazi. Marekebisho ya 2022 yamebana hapo kidogo: asikamatwe tena kwa mambo yaleyale mpaka kuwe na ushahidi wa kutosha na shauri liko tayari kusikilizwa. Ni ahueni, ila usitupe nyaraka zako ziwani.

Simu: omba kurudishiwa ndani ya barua ileile, na siku ya kuachiwa mkumbushe hakimu kwa heshima. Usipoomba, simu itakaa kwenye kabati la vielelezo mpaka betri ivimbe.

Njia hii inamfaa mwenye kitu cha kuonyesha kwenye karatasi. Asiye na kitu zaidi ya neno lake ataandika na kungoja jibu lisilo na tarehe, maana hakuna muda aliowekewa DPP wa kukujibu. Haimzuii mtu kuendelea na njia nyingine, na kwa sababu hiyo mimi huwashauri wengi waianze hata wakiwa wanajiandaa kupambana.

Njia ya pili: kufifilisha kosa

Hii wengi hawajawahi kuisikia. Sheria ya Makosa ya Mtandao yenyewe inampa DPP uwezo wa kufifilisha kosa: mtu anakiri kwa hiari yake, analipa kiasi, na jambo linaishia hapo bila kusikilizwa.

Mlango huu unafungwa pale usikilizaji unapoanza. Ukishaona shahidi wa kwanza anaapa, umechelewa.

Mshika mpini ni DPP peke yake, na huo ndio udhaifu wake. Hakuna hakimu wa kukuuliza mbele ya watu kama umekubali kwa hiari au umetishwa. Makubaliano yanafanyika dawatini. Ukitaka jicho la tatu, lilete mwenyewe: wakili, au angalau mtu mzima wa familia anayejua kusoma na asiyeogopa suti. Na hapa ndipo vishoka hujaa kama inzi kwenye kichanja cha dagaa. "Nipe laki tano nikaongee na mkubwa." Fedha halali ya serikali ina namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti. Ukiambiwa uache bahasha au utume kwa laini ya mtu, hiyo ni rushwa, na sasa una kesi mbili.

Gharama inaweza kuuma siku moja, lakini inaokoa miezi ya nauli. Kwa mtu wa Ukerewe anayevuka na meli kutoka Nansio kuja kutajwa tu na kurudi, hesabu hiyo si ndogo. Kinachobaki ni maandishi ya kukiri kwako. Hayo yana sahihi yako, yako kwenye faili, na hujui nani atalifungua faili hilo miaka 6 baadaye.

Inamfaa aliyetenda kweli, kosa likiwa dogo na aliyeumia ameshafidiwa. Kijana wa kibanda, kama hakutenda, akae mbali nayo.

Njia ya tatu: makubaliano ya kukiri kosa

Yaliingia sheria za Tanzania Bara mwaka 2019, na kanuni zake zikatoka 2021. Hapa upande wa mashtaka na mshtakiwa wanajadiliana: mashtaka mengine yaondolewe au yapunguzwe, yeye akiri yaliyobaki, alipe fidia au arudishe fedha. Makubaliano yanaandikwa, yanatiwa sahihi, yanapelekwa mahakamani.

Tofauti yake kubwa na kufifilisha ni hakimu. Mahakama inatakiwa ijiridhishe kwamba mshtakiwa amekubali kwa hiari, anaelewa anachokiri, na anajua haki anazoziachia. Mahakama inaweza kuyakataa. Na mtu aliyelaghaiwa au kutishwa anaweza baadaye kuomba yatenguliwe. Kwa kipimo cha uwajibikaji, basi, mpini umeshikwa na wawili. Ila mkono wa mwendesha mashtaka uko karibu zaidi na makali yanakoelekezwa, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua mashtaka unayojadiliana naye kuyaondoa.

Nieleze hilo vizuri maana ndiyo kiini cha kesi hizi. Kijana wa kibanda kashtakiwa kwa udanganyifu wa kompyuta. Hati ikiongezwa shtaka la pili, kutakatisha fedha, anapoteza dhamana siku hiyohiyo, maana kosa hilo halina dhamana. Sasa yuko Butimba. Miezi inapita, upelelezi haujakamilika. Siku akiitwa kujadiliana na kuambiwa shtaka la pili litaondolewa akikiri la kwanza, anakiri kwa sababu ana hatia, au kwa sababu mkewe anakaribia kujifungua? Hakimu akimuuliza "umekubali kwa hiari?" atajibu ndiyo, tena haraka.

Si jambo la kwetu peke yetu. Kule Marekani kijana Aaron Swartz alishtakiwa 2011 kwa kupakua makala za kitaaluma kwa wingi kupitia mtandao wa chuo cha MIT. Mashtaka yalianza machache, yakafika 13 mwaka 2012, na kwenye karatasi vifungo vyake vikijumlishwa vinafika miongo kadhaa. Wakati huohuo, mezani alipewa pendekezo la miezi 6 hivi kama angekiri yote 13. Alikataa. Alijiua Januari 2013, akiwa na miaka 26, kabla kesi haijasikilizwa. Ukipima umbali kati ya miongo na miezi 6, unapata uzito wa mkono uliokuwa umemkalia mabegani. Waendesha mashtaka hawakuwajibishwa. Nchi ile Mahakama yao ya Juu ilishaamua tangu 1976 kwamba mwendesha mashtaka hadaiwi fidia kwa kazi yake ya kuendesha kesi. Wao walichofanya, miaka 9 baadaye, mwaka 2022, ni wizara yao ya sheria kutoa sera kwamba watafiti wa usalama wa kompyuta wanaofanya kazi kwa nia njema wasishtakiwe. Yaani waliandika kipimo. Sera ni karatasi tu, nakubali, lakini karatasi unaweza kuambatisha kwenye barua.

Hapa kwetu malalamiko juu ya makubaliano haya yalifika mbali. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, akashtakiwa makosa yakiwemo ya kutakatisha fedha, akakaa ndani hadi Februari 2020 alipotoka baada ya makubaliano na kulipa. Kesi yake haikuwa ya mtandao, lakini mashine ni ileile. Januari 2023 Rais alizindua Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na fedha za makubaliano hayo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosemwa hadharani. Tume ilikabidhi taarifa Julai mwaka huo.

Pamoja na yote hayo, siyapingi makubaliano. Nimeona yakimfaa mtu aliyetenda, anayejua ametenda, na asiyetaka mtoto wake akue akimsikia akitajwa kwenye kesi. Aliyetapeliwa naye hupata fedha yake mapema kuliko angengoja hukumu, na mchuuzi wa dagaa hana mtaji wa kungoja.

Kinachobaki: umetiwa hatiani. Hii si sawa na nole wala kufifilisha. Kwa anayetafuta kazi ya kushika fedha za watu, hilo ni doa zito.

Kabla ya sahihi, hakikisha karatasi inataja kwa majina mashtaka yanayoondolewa, kiasi cha kulipa na kinaenda kwa nani, na simu na laini zinarudishwa au zinataifishwa. Lililosemwa kwa mdomo koridoni limebaki koridoni. Na usiende bila wakili. Kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili hiyo. Uliza kwenye dawati la msaada wa kisheria au kwa mawakili wanaojitolea hapa Mwanza.

Njia ya nne: kupambana hadi hukumu

Mshika mpini ni hakimu, na kwenye rufaa anamjibu jaji wa Mahakama Kuu. Kati ya njia zote, hii ndiyo pekee inayomlazimisha mwendesha mashtaka kueleza uamuzi wake hadharani, shahidi mmoja baada ya mwingine, na ndiyo pekee inayokuachia hukumu yenye sababu zilizoandikwa.

Ushahidi wa kielektroniki una masharti yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutumwa, namna uhalisia wake ulivyolindwa, na namna mtumaji alivyotambuliwa. Kwa lugha ya benchi letu: picha ya skrini iliyochapishwa steshenari haitoshi kwa sababu tu imechapishwa. Ilitoka simu gani? Nani aliishika tangu ilipokamatwa, na aliandika wapi kwamba ameishika? Laini imesajiliwa kwa alama za vidole za nani, na je, aliyesajili ndiye aliyebonyeza? Kwa kijana wa kibanda swali la mwisho ndilo kesi nzima. Simu moja, mikono mitatu.

Kwa msimamizi wa grupu, swali ni lingine. Kosa la taarifa za uongo linamtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba mtu alijua taarifa ni ya uongo au ya kupotosha na alikuwa na nia ile inayotajwa na sheria. Kuamini kitu kijinga si sawa na kujua ni uongo. Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi bila kugusa hilo, wakili anaweza kuomba mahakama iseme hakuna kesi ya kujibu.

Gharama ndiyo inayowashinda watu. Wakili, nauli, siku za kazi, wadhamini wanaochoka kuitwa. Marekebisho ya 2022 yanazuia kufungua kesi nyingi kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yameachwa nje ya zuio, kwa hiyo angalia shtaka lako liko upande gani. Ukishindwa, kiwango cha chini cha adhabu kinakungoja palepale. Hakimu mwenye huruma hana nafasi kubwa ya kuitumia. Rufaa inaanza na notisi ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Nawajua walioshinda kwa hoja na wakashindwa kwa kalenda. Na usisahau: ukishinda, DPP naye ana haki ya kukata rufaa.

Simu inabaki kielelezo mpaka mwisho. Nunua kitochi.

Inamfaa asiyetenda, mwenye dhamana, na mwenye watu nyuma yake. Nimeandika "mwenye dhamana" kwa makusudi.

Njia ya tano: Mahakama Kuu na Tume ya Haki za Binadamu

Kwa kifupi, maana si ya wengi. Ukiona tatizo ni sheria yenyewe, au mamlaka yamevuka mpaka, Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza ina uwezo wa kuangalia. Mifano ipo ya pande zote. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Jeremia Mtobesya, ilikubali kwamba kifungu kilichomruhusu DPP kuzuia dhamana kwa hati yake tu kinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2020, kwenye shauri la Dickson Sanga juu ya makosa yasiyo na dhamana, Mahakama Kuu ilikubali, Rufani ikatengua miezi michache baadaye. Ni njia ndefu, ya wakili mzoefu, na faida yake mara nyingi huvunwa na watakaoshtakiwa baada yako.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bure, lakini haichunguzi jambo ambalo liko mbele ya mahakama. Peleka kabla kesi haijafunguliwa au baada ya kuisha. Katikati, utaambiwa ungoje.

Na wewe uliyetapeliwa je?

Uhuru wa DPP unauma na upande huu. Fedha ya dagaa imekwenda, mtuhumiwa kaachiwa, hujaambiwa kitu. Barua ya njia ya kwanza nawe unaweza kuiandika, ukiomba shauri lirejeshwe na ukiambatisha ushahidi mpya. Ukisikia wanajadiliana kukiri, wahi ofisi ya mashtaka ueleze hasara yako ili fidia iingie kwenye makubaliano; baada ya sahihi ni shida. Kesi ya madai inabaki kuwa haki yako hata jinai ikifa. Na hakimu anaweza kumruhusu mtu binafsi aendeshe mashtaka, ingawa DPP ana mamlaka ya kuichukua kesi hiyo au kuisimamisha.

Ukiwa hapa, fanya hivi

Hujashtakiwa bado, umeitwa kituoni na simu imechukuliwa: dai hati ya kuorodhesha vilivyochukuliwa, usitoe maelezo marefu bila wakili, na anza kukusanya daftari, risiti na majina ya waliokuwepo. Hakuna njia kati ya hizi itakayofaa bila hivyo.

Umeshtakiwa, hukutenda, uko nje kwa dhamana: barua kwa DPP na maandalizi ya kupambana vyote kwa pamoja. Barua ikijibiwa, vizuri. Isipojibiwa, hukupoteza tarehe.

Hukutenda, lakini uko ndani kwa shtaka lisilo na dhamana: hapa sina jibu jepesi, na asiyewahi kulala Butimba asikupe la haraka. Barua iende wiki hiyohiyo, ikilenga shtaka moja tu, lile lililofunga dhamana, ikiuliza ushahidi wake ni upi. Shtaka hilo likiondolewa, mengine unaweza kuyasubiri ukiwa nyumbani. Majadiliano ya kukiri yaje baadaye, na wakili awe pembeni.

Ulitenda, kiasi ni kidogo, usikilizaji haujaanza: uliza kufifilisha kabla ya makubaliano, kwa sababu mlango wake ndio unaowahi kufungwa. Ukikuta umefungwa, makubaliano ya kukiri, kwa maandishi, mbele ya hakimu.

Ulitenda, lakini hati imezidi ulichotenda: makubaliano ndiyo mahali pa kubishania uzito. Beba Sheria ya 2015 na Kanuni ya Adhabu mkononi, toleo la sasa maana namba za vifungu huhama, na uulize kwa nini kitendo chako kimewekwa kwenye miaka 7 ya mwanzo badala ya miaka 7 ya mwisho.

Ulisambaza ujumbe, ukakanusha, una kumbukumbu za saa: barua kwanza, na usifute grupu. Kufuta kunaonekana kama kuficha.

Yule mama wa Igoma aliyeniuliza tukubali au tukatae bado hajaamua. Kijana wake anatajwa Jumanne. Kesho asubuhi tunakwenda kwa karani kuomba nakala inayosomeka, maana ile ya kwenye khanga imelowa jasho na shtaka la pili limefutika lote.